Mikono Arobaini ya Kushoto

Pale karakanani hakuna aliyelikumbuka jina lake la kuzaliwa. Walimwita Rula. Jina hilo alipewa na mshonaji mmoja aliyekwisha kustaafu, siku alipomwona akikata kola kumi na mbili kwa macho tu, na zilipopimwa zote zikalingana kama meno ya kitana. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mwembamba, mwenye tabia ya kukunja midomo anapofikiri, na kwa miaka kumi na tisa meza ya kukatia ilikuwa yake. Wengine walishona, walitia vifungo, walipiga pasi, yeye alikata. Katika kazi ya nguo mkataji huaminiwa kuliko wote, kwa sababu mshono mbaya hufumuliwa, lakini kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudi kuwa jora. "Mkasi hauombi radhi," ndivyo walivyosema pale.

Haikuanza na msiba. Watu walimuuliza baadaye, nani alifariki, nani alikuacha, naye hakuwa na mtu wa kumtaja. Mumewe alikuwa mzima, fundi wa kupaka rangi majumba, mtu wa mzaha, asiyekunywa. Binti yao mmoja tu alikuwa ameolewa mji mwingine na alipiga simu kila Jumapili. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili visivyovuja. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi: hakuwa na la kulionyesha. Mwenye jipu hulifunua watu wakaliona. Yeye angefunua nini?

Ilianza kwa kuamka. Macho yalifunguka saa kumi alfajiri, yenyewe, kana kwamba mtu amemwita, na kumbe hakuna aliyemwita. Akabaki amelala akitazama ukuta. Kisha chakula kikapoteza ladha, kikawa kazi ya kutafuna na kumeza. Kisha ndoo ya maji ya kuoga ikawa kitu cha kusimamiwa na kutazamwa kwa robo saa kabla ya kuinama kuchota. Alipitisha siku tatu bila kuchana nywele, akafunga kitambaa kichwani. Binti alipopiga simu Jumapili, Rula aliitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza, halafu akaandika: *Nilikuwa nje, mwanangu. Tuko salama.* Haikuwa huzuni. Huzuni aliijua; alimzika mama yake, akalia mpaka sauti ikakauka, na ndani ya kile kilio mlikuwa na joto la kumpenda mtu. Hii haikuwa na joto. Ilikuwa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi mno: bado ni nguo, bado inavalika, lakini huwezi tena kusema ilikuwa rangi gani.

Kitu kimoja kilibaki, nacho ni meza. Akifika, akiwasha taa ndefu ya juu, akiweka viganja kwenye ule ubao uliolainishwa na miaka, mikono yake ilijua la kufanya bila kumwuliza. Ikatandaza kitambaa, ikasawazisha kingo, ikachora kwa chaki, ikashika mashine ya kukatia. Yeye mwenyewe angeweza kuwa mbali, hata asiwepo, na kola zikatoka sawasawa. Kwa hiyo kila asubuhi alijiambia neno moja tu: meza. Na neno hilo likamtoa kitandani, kama unavyomvuta mtu kwa kamba.

Kituo cha afya alikwenda kwa sababu ya kichwa. Kilimwuma nyuma, karibu na shingo, naye alitaka dawa ya maumivu, basi. Akaelekezwa chumba namba sita. Humo alikuwamo nesi wa makamo, miwani yake imefungwa mpini kwa plasta.

"Kichwa kimeanza lini, dada?"

"Miezi minne. Au mitano."

"Unalala?"

"Nalala. Tatizo naamka mapema mno."

"Ukiamka unafanya nini?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

Rula akakunja midomo. "Nangoja saa ya kuondoka ifike."

Nesi akaweka kalamu chini. "Chakula?"

"Nakula."

"Sikuulizi kama unakula. Nakuuliza kama unasikia ladha."

"Zamani nilikuwa nasikia."

"Kuna siku unatamani usiamke kabisa?"

Rula akaitazama ile plasta ya miwani. "Kutamani kunataka nguvu," akasema. "Mimi naona tu kwamba nisipoamka ni sawa. Na nikiamka, ni sawa vilevile."

Nesi aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, akimtazama usoni: "Siku hiyo 'sawa' yako ikigeuka, ukaanza kuwaza namna ya kufanya, unakuja hapa siku hiyohiyo. Hungoji tarehe ya kadi. Na usiku ukikukuta, unamwamsha mtu uliye naye. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Haya uliyonayo yana jina. Yanaitwa sonona. Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Siyo uvivu, siyo kukosa shukrani, wala siyo kwamba una moyo mdogo."

"Inapona?"

"Wengi hupata nafuu. Lakini haina haraka."

Rula, aliyezoea vipimo, alilisikia lile "wengi" na akajua kuwa wengi siyo wote.

Akapewa vidonge, na akaambiwa havitafanya kitu mpaka wiki kadhaa zipite. Akaambiwa asingoje hamu. "Kwa mtu mwenye afya hamu hutangulia, kazi ikafuata," nesi alisema. "Kwako sasa ni kinyume. Fanya kwanza, hata kuosha kikombe kimoja. Hamu ikipenda itakufuata nyuma." Na akaambiwa jambo la tatu: amwambie mtu mmoja nyumbani na mmoja kazini. "Kazini hasa. Naweza kukuandikia barua, upumzike wiki mbili, au wakupunguzie mzigo."

"Kazini hapana," Rula akajibu, haraka kuliko alivyojibu yote mengine.

"Kwa nini?"

"Nikiiacha ile meza, sitaamka."

Nesi hakubishana naye. Aliandika barua hivyo hivyo, akaikunja na kumpa. Rula akaitia mkobani, chini kabisa, pamoja na chaki za zamani na tepu ya kupimia.

Rula alimwambia mumewe jioni ile, nusu nusu, huku akiosha kikombe kimoja.

"Sonona?" mume akauliza. Alikuwa anajisugua rangi kwenye kucha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. "Si ndiyo huzuni hiyo?"

"Siyo huzuni hasa."

"Umekosa nini, mke wangu?"

"Sijakosa kitu."

"Nimekuudhi?"

"Hujaniudhi, baba."

"Basi?"

"Ndiyo hivyo. Basi."

Mume akaendelea kusugua kucha ileile iliyokwisha kutakata. Baadaye akasema kwamba hata yeye kuna siku huamka moyo mzito, lakini akishapanda ngazi na kushika brashi, unayeyuka. Hakuwa na nia mbaya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wao walilala kitanda kimoja miaka ishirini na minne, lakini kunguni hawa walimjua mmoja tu.

Siku ya tatu Rula aliporudi kutoka kazini, harufu ya rangi ilimpokea mlangoni. Mumewe alikuwa amesimama chumbani, kifua mbele, kama mtoto aliyepata alama nzuri. Ukuta ule aliokuwa akiutazama alfajiri alikuwa ameupaka rangi ya njano, njano kali, ya kiini cha yai. Ilikuwa imebaki kwenye jengo fulani alikomaliza kazi.

"Rangi ya furaha hiyo," akasema. "Wataalamu wenyewe wanasema. Sasa ukifungua macho, unakutana na jua kabla ya jua."

"Mbona huku chini haijafika?"

Kweli haikufika. Kwenye kona, karibu na sakafu, kulikuwa na pande la ukuta kama upana wa mlango lililobaki jeupe la zamani.

"Kopo liliniishia. Nikipata nyingine nitamalizia. Umeipenda?"

"Imependeza," Rula akasema. Na kesho yake, saa kumi alfajiri, aliamka akakutana nayo, ikimmulika hata gizani, akaona aibu. Mtu amempakia jua, naye bado hawezi kuinua mguu. Akageukia lile pande jeupe. Huko angalau hakuna aliyemdai kitu.

Karakanani hakumwambia mtu. Mashine iliyokuwa jirani na meza yake ilikuwa ya mwanamke mmoja mnene, waliyemwita Cherehani, siyo kwa kushona bali kwa mdomo: ukishaanza hausimami mpaka uzi ukatike.

"Shoga, siku hizi una nini?" Cherehani akamwuliza. "Hata utani wangu unakupita kama gari la zimamoto."

"Nimechoka tu."

"Kuchoka gani kusikokwisha? Simu yenyewe huchomekwa ikajaa. Sema, ni mume?"

"Siyo mume."

"Ni tumbo, mimba ya uzeeni? Umri wako huu unaweza kushangaa."

Wapiga pasi wakaangua kicheko. Rula alijua kwamba hapo ndipo angepaswa kurudisha, kwamba angalau aseme, "Tumbo lako wewe ndilo lina wapangaji." Maneno aliyaona, yamekaa mahali pake, lakini yalikuwa mbali kuyafikia. Akatabasamu.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Cherehani akasema, akarudi kukanyaga mashine.

Mwenye karakana, ambaye wote walimwita Bimkubwa, hakuwa mkali wala mpole. Alikuwa mtu wa oda. Wiki ile alipata kazi ya makoti arobaini ya wanafunzi wa uuguzi, ya kijani, mikono mirefu, yavaliwe siku ya kufungua chuo. Alileta jora mwenyewe, akaliweka mezani, kisha akasimama akimwangalia Rula muda kidogo kuliko kawaida.

"Umekonda."

"Kidogo."

"Uko sawa? Kama una jambo, niambie. Hii naweza kumpa mpiga pasi aikate, wewe umfundishe mwenyewe. Ukapumzika."

Hilo ndilo lilikuwa lango, na lilikuwa wazi. Barua ya nesi ilikuwa mkobani, mkoba ulikuwa unaning'inia kwenye msumari, hatua tatu tu. Akilini Rula alimwona mpiga pasi akiwa amesimama kwenye meza ile, chini ya taa ile ndefu. Akaona na asubuhi ya kesho: ukuta wa njano, na hakuna neno la kujiambia.

"Niko sawa, Bimkubwa."

"Haya. Wewe ndiye Rula."

Sasa, kuna vitambaa visivyo na uso wala mgongo. Ukivigeuza ni vilevile. Ukikosea navyo, unapindua kipande na maisha yanaendelea. Lakini kitambaa kile cha makoti kilikuwa na uso, upande mmoja unang'aa na kuteleza, upande wa pili ni mkavu kama karatasi. Kitambaa cha namna hiyo hutandazwa uso kwa uso. Mkataji huvuta jora mpaka mwisho wa meza, huligeuza, hurudi nalo, hugeuza tena, tabaka moja likitazama juu na la pili likitazama chini. Ndipo kiolezo kimoja cha mkono, kikichorwa mara moja juu ya tabaka themanini, hutoa mikono arobaini ya kulia na arobaini ya kushoto. Hilo Rula alilijua kama anavyojua kupumua, na aliwafundisha wengine.

Ila wiki iliyotangulia walikuwa na kitambaa cha maua. Maua hayageuzwi, yote lazima yatazame juu. Huko unavuta mpaka mwisho, unakata, unarudi mikono mitupu, unavuta tena, na unachora violezo viwili, kulia na kushoto. Mikono ya Rula ilikuwa imefanya hivyo siku tano mfululizo. Na kwa kuwa ni mikono tu iliyokuwa kazini, mwenye mikono hayupo, iliendelea na ya wiki iliyopita. Ikavuta, ikakata, ikarudi mitupu. Ikavuta, ikakata, ikarudi mitupu. Mara themanini. Kisha ikachukua kiolezo kimoja, ikachora mara moja, ikashika mashine. Kisu kikapita laini, bila kukwama popote. Ilikuwa kazi safi kabisa.

Aliyegundua ni Cherehani, siku mbili baadaye.

"Rula, nipe wa kulia."

"Si umeshachukua fungu?"

"Fungu lote hili ni kushoto. Nimepekua mpaka chini." Akainua mkono mmoja wa koti, akaupachika begani kwake juu ya blauzi, na uvimbe wa begani, unaopaswa kukaa nyuma, ukatokea mbele. "Ona. Nitamvika nani? Labda chuoni kuna wanafunzi wenye mikono miwili ya kushoto. Mume wangu wa kwanza alikuwa hivyo, hata kufungua kopo alishindwa."

Wakacheka. Halafu wakaona uso wa Rula, kicheko kikakatika.

Alipekua mwenyewe. Alipekua fungu zima, kipande kwa kipande, akikigusa kila kimoja uso na mgongo, kama mtu anayetafuta mtoto wake katika kundi la watoto. Themanini. Vyote vilitazama upande mmoja.

"Nilikuona," Cherehani akasema kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. "Nilikuona unarudi mikono mitupu, nikasema moyoni, mbona leo hageuzi? Halafu nikasema, ah, Rula hakosei. Nikanyamaza. Nisamehe, dada."

Jora lilikuwa limekwisha. Bimkubwa alizunguka mjini siku nzima, akarudi na kitambaa cha aina ileile, lakini kilichotiwa rangi katika pipa jingine. Ukikitazama peke yake ni kijani tu. Ukikiweka kando ya kile cha kwanza, kimoja ni jani la leo na kingine ni jani la jana. Siku ya kufungua chuo haikusogezwa. Makoti arobaini yakaenda na mikono ya kulia iliyofifia.

Kabla ya hapo Bimkubwa alimwita Rula ofisini, chumba kidogo chenye violezo vya karatasi ngumu vilivyotundikwa ukutani kama ngozi za wanyama.

"Ilikuwaje?"

Barua ilikuwa mkobani na mkoba ulikuwa mapajani. Rula aliishika kwa nje ya ngozi ya mkoba, akasikia ukingo wake.

"Sijui," akasema.

"Hujui? Miaka kumi na tisa, leo hujui?"

"Sijui, Bimkubwa."

Bimkubwa akangoja. Alingoja kweli, Rula alikuja kulikumbuka hilo baadaye, kwamba mwanamke yule alitulia na kumpa nafasi, na saa ya ukutani ikahesabu sekunde nyingi. Lakini sasa kusema kungekuwa ni kutafuta huruma baada ya kuharibu, na tena aliona kama ataongea juu ya mtu mwingine, mtu asiyemjua vizuri. Akauachia ukingo wa barua.

"Basi utakaa kwenye nyuzi kwa muda," Bimkubwa akasema. "Mpiga pasi atakata. Na ile mikono iliyobaki ichukue, iondoe hapa. Sitaki kuiona."

Kukaa kwenye nyuzi ni kuketi kwenye benchi la dirishani na kimkasi kidogo, ukipunguza nyuzi zinazoning'inia kwenye nguo zilizomalizika. Ndiyo kazi anayopewa anayeanza, na anayemalizia. Kutoka pale aliiona meza. Mpiga pasi alikuwa mwangalifu, hakuwa mbaya, na kila mara alipotaka kukata aligeuka kumtazama, kana kwamba anaomba ruhusa. Rula aliitikia kwa kichwa. Baada ya wiki mpiga pasi akaacha kugeuka.

Asubuhi zikawa kama alivyojua zitakavyokuwa. Alijiambia meza, na meza haikumjibu. Alijaribu kujiambia nyuzi. Nani anaamka kwa ajili ya nyuzi? Siku mbili hakwenda kabisa. Vidonge vilikwisha na hakwenda kuchukua vingine. Vikombe alivyoacha kuviosha vikajipanga. Mumewe aliviosha aliporudi, akipiga mluzi, na mluzi wenyewe ulikuwa na ufa.

Ile mikono arobaini ilikaa nyumbani kwenye mfuko nyuma ya mlango. Jumatatu moja mumewe alirudi kutoka kazini akiwa ameivaa miwili juu ya shati, aliyoiunga mwenyewe kwa sindano, kujikinga na rangi. Wa kushoto ulimkaa barabara. Wa kulia ulikuwa umejisokota, mshono umekuja mbele, kitambaa kimejikusanya kwenye kiwiko kama soksi iliyolegea.

Rula alikuwa kitandani, bado na nguo za kulalia, jua likielekea kuzama.

"Umevaa vibaya huo," akasema.

Mumewe akajitazama. "Mke wangu, yote ni ya kushoto. Nivaeje?" Akainua mkono ule uliopinda juu ya kichwa, akajaribu kuunyoosha, nao ukamrudisha, akazunguka nusu mzunguko mbele ya ukuta wa njano kama mtu anayeburutwa na mtu asiyeonekana. "Fundi mwenzangu kaniambia nimeamka na mguu wa kushoto, mpaka mikononi!"

Alikuwa anamtazama huku anazunguka. Rula alilijua pengo ambamo kicheko chake yeye kilikaa zamani. Aliliona wazi, lilikuwa hapa, chini ya mbavu, na ukubwa wake aliukumbuka. Akangoja. Hakikuja.

Mumewe akaacha kuzunguka. Akaketi ukingoni mwa kitanda, mikono ile bado mwilini, akafunika uso kwa viganja vyenye rangi.

"Mimi ukuta naujua," akasema kutoka ndani ya viganja. "Ukuta ukiwa na unyevu, huupaki juu. Rangi inabanduka. Lazima ujue maji yanatoka wapi. Sasa nimekutazama, nimekutazama mama, sijui yanatoka wapi."

"Hata mimi sijui."

"Kesho tunarudi kwa yule nesi."

"Haitasaidia."

"Isisaidie. Tunakwenda."

Walikwenda. Yaani alipelekwa, mumewe alimvalisha viatu. Kwenye varanda ya kituo cha afya walikaa kwenye benchi na wagonjwa wengine, mumewe akaambiwa asubiri nje, Rula akaingizwa chumba cha vipimo kabla ya namba sita. Aliyempima alikuwa mwanafunzi, msichana mwenye macho ya kuchangamka, na alipogeuka kuchukua kifaa cha kupimia presha, Rula aliuona mkono wake wa kulia. Jani la jana.

Aliutazama. Mshono wa begani ulikuwa wa Cherehani, ule mshono wake wa kuvuta kidogo nyuma. Mkono wa kushoto, unaong'aa, uliokaa sawa bila kasoro, ulikuwa umekatwa naye Rula mwenyewe.

Msichana aliona anatazamwa. "Usijali, mama, siyo doa," akasema, akimfunga kile kitambaa cha kupimia. "Tuko arobaini hivi hivi. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanatuita makombo. Nadhani fundi alikuwa amelewa siku hiyo."

Akaanza kukamua mpira. Kitambaa kikajaa, kikambana Rula mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Angeweza kunyamaza. Alikuwa hodari wa kunyamaza.

"Hakuwa amelewa," akasema.

"Eh?"

"Fundi. Hakuwa amelewa. Alikuwa mgonjwa."

Msichana akaacha kukamua. "Kumbe unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Alikuwa anaumwa nini?"

Rula akaitafuta sentensi, akaikuta, akaisema mara ya kwanza kwa mtu asiyekuwa yule nesi wala mume anayelala naye kitanda kimoja. "Sonona."

Msichana hakucheka. Aliutazama mkono wake wa kulia, kisha akautazama uso wa mama yule, na kidogo kidogo, kwa jinsi alivyoanza kuona haya, ilionekana kwamba ameelewa. Akafungua upepo. Kitambaa kikalegea kwa sauti ndefu.

"Amepona lakini?" akauliza polepole.

"Bado," Rula akasema.

Akashusha mkono wa blauzi yake, akafunga kifungo cha mkononi, akakosea tundu, akafungua, akafunga tena. Kisha akatoka kwenda kungoja chumba namba sita, ambako mlangoni walikuwa wametangulia watu kumi na mmoja.